Mkuu wa Kaya

9 Machi

Mdogo wangu Chuma,

Marahaba. Najua ungeniamkia kama ungekuwa hapa, kwa hiyo naitikia kabisa. Sisi hatujambo, kwa kiasi cha watu waliokimbia maji. Baba mdogo mzima na risala zake nzima. Jana alituhutubia juu ya matumizi ya ndoo mpaka chai ikapoa. Mimi magoti yananisumbua kwa kukaa chini kutwa nikisuka watu nywele. Wanao pacha wamejifunza kuhesabu mpaka kumi. Wanaruka saba wote wawili, na ukiwasahihisha wanakutazama kama wewe ndiye hukusoma.

Simu usitegemee. Mnara ulioanguka na mafuriko bado umelala ulipolala. Barua hii anakuletea dereva wa lori la saruji, yule anayemletea Baba mdogo mzigo wa dukani. Mpe jibu lako akigeuza.

Bado tunalala stoo. Unaijua ile stoo: mifuko ya saruji upande huu, sisi upande ule, na vumbi halina upande. Pacha mdogo kifua kimembana tangu wiki ile uliyoondoka. Akilala anavuta pumzi kwa mluzi. Muuguzi wa zahanati kaniambia usoni, "Dawa nitampa, lakini mkiendelea kumlaza kwenye saruji mnanichezea." Nikamwambia si sisi tunaocheza, ni mto.

Sasa kuna neema imeingia. Lipo Shirika limekuja kuwasaidia kina mama walioharibikiwa na mafuriko, na safari hii si kwa unga wala blanketi. Wanatoa pesa. Kila mwezi mama anakwenda na kadi yake kwenye dirisha la ile ofisi ya zamani ya kodi, anaweka kidole gumba kwenye mashine, anahesabiwa pesa yake na anaondoka, haulizwi anaipeleka wapi. Mimi sikuandikwa kwa kuwa sina mtoto wala ugonjwa. Nimeambiwa nina nguvu. Nimeshukuru kwa sifa. Lakini mkeo ameandikwa. Walimuuliza nani mkuu wa kaya, akasema, "Mimi." Wakamuuliza mume yuko wapi, akasema yuko mbali kwa kazi na tangu aondoke hajatuma kitu. Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Sikuona cha kusahihisha.

Mama Pacha amekwisha kuona chumba huko juu ambako maji hayakufika, nyuma ya pale wanapoziba pancha. Kina sakafu kavu na dirisha linalofunguka. Pesa ya mwezi inatosha kodi na dawa, na kinachobaki wanakula.

Sikuulizi unapata kiasi gani huko. Nakuuliza unatuma lini, na kama hutumi, tuwaambie nini wanao.

Dada yako

28 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata siku moja na ya Baba mdogo. Nilisoma yako kwanza kwa heshima, na nimefanya vizuri, maana ningeanza na yake nisingefika kwenye yako.

Mimi mzima. Joto la huku halina adabu. Kazi nyingi, mageti na nondo za madirisha, kila tajiri wa mji huu anaota wezi. Mwajiri anachelewesha mishahara ila ni mtu wa kuelewana. Mambo ya pesa yasikuumize kichwa, yako njiani. Wabusu pacha, na huyo wa kifua mpake mafuta ya moto mgongoni kama mama alivyokuwa akitupaka.

Sasa nieleze, Dada. Nani amenizika? Baba mdogo anasema mke wangu anapanga foleni moja na wajane na walioachwa, na watu wa dukani wanamuuliza, "Mzee, kumbe mwanao alikufa?" Mimi niko huku naungua macho kwa moto wa kuchomelea, huko mmekwisha kunifanyia arobaini. Na wewe ulisimama pembeni hukuona cha kusahihisha! Dada yangu wa tumbo moja!

Pesa sikatai. Nani anakataa pesa? Lakini kadi aishike Baba mdogo mpaka nirudi, yeye ndiye aliyewapa paa. Na hayo ya kupanga chumba yafe leo. Mwanamke mwenye mume akitoka kwa wakwe zake akapanga chumba peke yake, watu hawasemi kafuata hewa safi.

Mwambie mke wangu kwamba mimi ndiye mkuu wa kaya. Hata nikiwa mwezini.

Chuma

15 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zako za mabusu nimezifikisha. Huyo mdogo aliuliza mabusu ya baba yanakaa wapi, nikamwonyesha shavu, akasema mengine awekewe kesho. Magoti yangu vile vile. Jirani yetu wa zamani, fundi saa, amepatikana mzima kwa binti yake. Kila mtu alikwisha kumlilia, na sasa anadai arudishiwe machozi.

Barua yako niliisoma huku nimeshika kichwa cha mteja. Nilivuta nywele mpaka mama wa watu akaniuliza amenikosea nini.

Unauliza nani amekuzika. Hakuna aliyekuzika, Chuma. Mke wako aliulizwa swali akajibu kama lilivyo. Ungetuma hata kipande cha sabuni, angesema, "Mume wangu ametuma sabuni." Na hayo mafuta ya moto, mama alitupaka sisi tuliokuwa na mafua. Huyu mtoto anakosa hewa.

Agizo lako la kadi limefika, maana kumbe na Baba mdogo ulimwandikia. Baba mdogo alimwita wifi mbele ya wateja wa saruji, mkono kautanguliza.

"Leta hiyo kadi niitunze. Mwenyewe ameagiza."

"Mwenyewe nani, Baba?"

"Mumeo."

"Kama ameagiza kadi, angeagiza na dawa ya kifua."

"Unanijibu mbele za watu?"

"Umeniuliza mbele za watu."

Kadi alikuwa ameitia kifuani, na Baba mdogo ana makelele mengi lakini hajafikia kuingiza mkono kifuani kwa mke wa mwanawe. Akahutubia. Akasema juu ya ukoo, juu ya shukrani, juu ya wanawake wa siku hizi na pesa zao za vidole. Debe tupu haliachi kuvuma. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, akapiga goti, akasema, "Asante kwa paa, Baba. Tumekaa vya kutosha." Jumamosi wakahama. Nilimsaidia kubeba godoro, kisha mimi nikarudi stoo, maana chumba ni kimoja na mimi ni mtu wa kujitanua.

Mwanao sasa analala bila mluzi. Nilikwenda asubuhi moja mapema nikamkuta amelala chali, kinywa wazi, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtoto yeyote. Nilikaa nikakitazama tu. Mama yao amenunua dawa, amelipa kodi, na ameanza kuuza sabuni ya vipande pale wanapoziba pancha, maana mafundi wale mikono yao haitakati.

Kwa hiyo nakuomba, na ni ombi la mwisho kwa sauti ya chini: usiingilie. Kama huwezi kujenga, shika mikono yako.

Na hukunijibu swali langu. Unatuma lini?

Dada yako

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijambo. Nina haraka, dereva anapiga honi.

Nimesikia mmehama. Sikusikia kwenu, nimesikia kwa Baba mdogo, kwa aibu. Basi nami nimefanya la kwangu. Nimekwenda kwa karani anayeandikia watu barua nje ya mahakama, ameniandikia kwa mashine, nikagongewa muhuri, nimeituma kwa hilo Shirika lenu kwa mkono wa dereva huyu huyu. Nimewaeleza kwamba mimi ni hai, kwamba nina mke na watoto wawili, kwamba mkuu wa kaya ile ni mimi na sikumpa mtu ruhusa ya kujiandika mkuu. Nimeomba kadi ihamishiwe kwa Baba mdogo.

Usikasirike. Mambo ya mwanaume lazima yasemwe na mwanaume. Utaona watakavyonyooka.

Chuma

20 Mei

Chuma,

Leo hakuna salamu. Watu wote wazima isipokuwa wanaokuhusu.

Barua yako imefika, imesomwa, imeheshimiwa. Kadi imefungwa.

Wifi alikwenda dirishani siku ya malipo kama wenzake. Mimi nilikuwa kwenye foleni ile ile, nasuka mmoja wa kina mama waliokuwa wakingoja, ndiyo biashara yangu siku hizo. Akaweka kidole, mashine ikawaka nyekundu. Akapangusa kidole kwenye kanga, akaweka tena. Nyekundu. Binti wa dirishani akafungua jalada, akasoma, akamtazama kwa huruma, ile huruma ya mtu anayejua yeye atakula leo.

"Mama, kumbe una mume."

"Nilisema ninaye. Nilisema hajatuma kitu."

"Ameandika. Anasema yeye ndiye mkuu wa kaya. Kukiwa na mgogoro wa ndani ya kaya, sisi tunasimamisha malipo mpaka uishe."

"Mgogoro na nani? Mtu mwenyewe hayupo!"

"Ndiyo utaratibu, mama."

Ukutani juu ya kichwa cha binti yule kuna picha kubwa ya mwanamke anacheka meno yote thelathini na mbili, na chini yake pameandikwa PESA MKONONI MWA MAMA. Nilitaka kuibandua nimpelekee aliyeichora aile. Mwanamke amesimama mbele yao na watoto wake, na kidole chake, na uso wake, hasikilizwi. Mwanaume aliye mbali kaandika mistari mitatu, kasikilizwa kabla hawajamaliza kuisoma! Wamekuja kutoka kote huko kutusaidia sisi wanawake, na wewe umewashinda kwa muhuri wa barabarani.

Niliacha kichwa cha mteja nusu nikaenda dirishani. Nikasema yote, na kwa sauti. Binti yule si mbaya, akaniambia njia ziko mbili. Ya kwanza, mume aje mwenyewe, asimame pale, aseme kwamba kadi ni ya mkewe. Ya pili, mke atangaze kwamba ametelekezwa, na awe na shahidi wa upande wa mume, mtu mzima wa damu yake. Si jirani wala wa upande wa mke. Hiyo wameiweka wao, eti ili wanawake wasiwasingizie waume zao.

Baba mdogo tumemfuata. Amesema atakuwa shahidi wa lolote tunalotaka, kadi ikishakuwa mkononi mwake. Kwa hiyo upande wako nimebaki mimi.

Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka? Yako imefika mpaka kwa mtoto. Dawa imekwisha. Sabuni wameuza yote wakala mtaji. Mama mwenye nyumba amewapa mpaka mwisho wa Juni, na baada ya hapo ni stoo, ni saruji, na ule mluzi. Umeyafanya kwa hiari yako na ukalipia karani.

Njoo, Chuma. Uje ufungue ulichofunga. Meza ya malalamiko inakaa kila Jumatatu.

Dada yako

6 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Mimi mzima kidogo, jicho moja linaniwasha lakini litapona. Natumaini magoti yako yanaendelea vizuri. Ulikuwa na dawa ya majani uliyokuwa ukichua, bado ipo?

Barua yako imenichoma. Sikujua watafunga. Nilidhani wataihamisha tu, kama mtu anavyohamisha geti kutoka nguzo hii kwenda nguzo ile. Mungu shahidi sikujua.

Lakini hilo la pili, Dada, usilifanye. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya. Usiende kuweka kidole chako kwamba mimi nimetelekeza watoto wangu. Watu wa huko watalibeba mpaka kaburini kwangu. Mke wangu akisema, ni hasira za mke. Wewe ukisema, basi ni kweli.

Kuja nitakuja. Mwisho wa mwezi. Kuna pesa nadai, mwajiri anazungushazungusha. Siwezi kuja hivi hivi. Unajua walivyo watu wetu, unashuka kwenye lori wanatazama mkono kwanza, uso baadaye. Mkono mtupu haulambwi, Dada. Nikipata hata kidogo, godoro la watoto, viatu, nakuja siku hiyo hiyo.

Huyo mdogo anaendeleaje? Hukusema.

Chuma

14 Juni

Mdogo wangu Chuma,

Marahaba. Sikusema kwa sababu nilitaka uulize. Juzi alilazwa zahanati, wamemwekea hewa ya bomba. Amerudi nyumbani. Amekonda shingo. Mwenzake hataki kucheza peke yake, anakaa kitandani na kumlisha maneno.

Sasa nisikilize. Dereva ni mtu mstaarabu, hapeleki umbea, lakini nilimbana nikiwa nimempa kiti na chai. Aliniambia barua zangu hazipeleki tena kwenye kile kiwanda chenu cha mageti. Anamwachia mama anayeuza chai ng'ambo ya barabara, na wewe unapita kuzichukua unapopita. Kiwandani hawakutaki tangu siku nyingi. Hakuna mwajiri anayechelewesha mshahara, Chuma. Hakuna mwajiri. Unaokota vyuma chakavu.

Nilijua kabla hajamaliza sentensi. Mtu mwenye kazi huandika juu ya kazi yake, analalamika, anamsema bosi kwa jina. Wewe umeniandikia mageti na matajiri kama unasimulia mji wa kwenye redio.

Na unajua kilichonikasirisha? Si kwamba huna kazi. Nani ana kazi? Nusu ya wanaume wa hapa wamekaa juu ya matofali ya nyumba zao wanatazama mto. Hasira yangu ni kwamba ulikuwa huna kitu, ukajua wanao hawana kitu, akatokea mtu wa kuwapa, na wewe ukaona bora wakose kuliko wapewe pasipo jina lako. Ungekuwa na pesa ukainyima familia, ningekuita bahili, ningekutukana, yangekwisha. Hii sijui niiite nini. Nimeilalia, nimeiamkia, sijaipatia jina.

Hakuna anayesubiri godoro. Hakuna anayesubiri viatu. Shuka kwenye lori na mikono yako mitupu hiyo hiyo, nenda dirishani, useme maneno machache: kadi ni ya mke wangu, mpeni. Wanaocheka wacheke. Nitakuwa karibu yako, na atakayecheka kwa sauti nitamsuka nikimaliza nywele niendelee na ngozi.

Nimeongea na dereva. Amekuwekea kiti mbele, hataki nauli. Atapita kwa mama wa chai Alhamisi ya wiki ijayo, alfajiri. Ijumaa jioni uko hapa, Jumatatu tunakwenda pamoja dirishani.

Nakungoja. Hata Mama Pacha anakungoja, ingawa hasemi. Nimemwona anafua shati lako lile lililonusurika.

Dada yako

21 Juni

Dada,

Shikamoo. Dereva amefika. Amenisubiri sana, asilaumiwe.

Nilikuja mpaka kwenye lori. Nilipanda. Nikashuka.

Nipe muda. Mpaka nipate japo viatu vya watoto. Nakuomba usiweke kidole.

Chuma

5 Julai

Chuma,

Wote wazima. Mwanao mdogo anaendelea vizuri, dawa ipo.

Lori lilipofika ile Ijumaa sote tulikuwa barabarani. Pacha walikuwa wameoshwa, wamepakwa mafuta, wamevalishwa. Dereva alishuka peke yake, akaja na bahasha, hakuthubutu kunitazama. Wifi aliwashika watoto mikono akageuza, na mkubwa akawa anatazama nyuma akisema baba yuko chini ya turubai, mumtoe. Ndugu yangu, sitakusamehe kwa ile njia ya kurudi nyumbani. Mengine labda.

Jumatatu tukaenda dirishani. Nilikupa mpaka adhuhuri. Kila gari lililosimama nje niligeuka. Tukaitwa.

"Huyu ni nani kwako?"

"Wifi yangu."

"Mume wake?"

"Ndugu yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

"Yuko hai?"

"Yu hai. Mnayo barua yake inayosema hivyo, na muhuri juu."

Binti yule alikuwa akiandika, kichwa chini. Akauliza, "Anawatunza?"

Pale niligeuka tena kutazama mlango, Chuma. Nilikuona wewe mdogo, nakubeba mgongoni kuvuka matope, unanivuta masikio ili nikate kona. Nilitamani aniulize lolote jingine. Kama anawapenda, ningesema ndiyo kwa kiapo. Kama ni mtu mbaya, ningesema hapana na kugonga meza. Hakuuliza hayo. Akarudia, "Mama, anawatunza?"

Nikasema hapana. Nikaweka kidole.

Binti yule akamwambia wifi kwamba hiyo si talaka, ni maelezo ya ofisi tu, asiogope. Wifi akamjibu, "Andika vizuri uliloandika. La talaka nitalimaliza mwenyewe na wenyewe." Nadhani baba yake na kaka zake watakuja kwa Baba mdogo mwezi ujao. Ni vyema ulisikie kwangu.

Tulipotoka nje yeye hakulia. Nililia mimi, katikati ya foleni, mbele ya wateja wangu wote, na yeye ndiye akanishika bega na kuniambia, "Pole, wifi." Mwanamke uliyemwacha ananipa pole mimi kwa ajili yako.

Kadi imefunguliwa. Miezi iliyofungwa hawalipi, utaratibu tena. Mama mwenye nyumba amepata kodi yake siku moja kabla ya kuwatoa. Baba mdogo kanifukuza stoo kwa risala ndefu kuliko zote, kwa hiyo nimehamia kule juu na kujitanua kwangu. Nalala kwa hisani ya mkeo. Sijui nimwiteje sasa, naendelea kumwita wifi na yeye anaitika.

Wanao wanakuuliza kila siku. Hatuwajibu vibaya, tumekubaliana hivyo. Kiti kwenye lori bado kipo. Dereva amesema hata kama ni mwaka mzima. Njoo uwaone, na viatu au bila viatu. Ukipita pale wanapoziba pancha, zunguka nyuma, ni mlango wa pili, wa bluu.

Lakini ujue hapa si kwako. Ukifika, piga hodi, na usiingie mpaka mwenyewe akukaribishe.

Dada yako